Pembe imekataa kutoka: namna ya kulisoma jibu baya la pembetatu mraba

Ujumbe ninaoupata mara nyingi kutoka kwa wanafunzi ninaowafundisha jioni huwa na picha ya kikokotoo na maneno mawili: "Mwalimu, imekataa." Kwenye picha kuna 0.6435, au 53.13, au neno ERROR. Siku hizi sina haja ya kuliona daftari kabla ya kujibu. Ile namba mbaya yenyewe inasema mtu amekosea wapi. Majibu mabaya ya pembe si mengi kama watu wanavyodhani. Ni yale yale, yanajirudia, na kila moja lina mzazi wake.

Ili tuelewane, tuchukue pembetatu moja tuitese hadi mwisho: ile ya 3, 4 na 5. Mafundi wa ujenzi wanaifahamu vizuri, maana ndiyo wanayoitumia kuhakikisha kona ya msingi imekaa skwea. Pembe tunayoitafuta tuiite A. Inatazamana na upande wa 3, upande wa 4 uko jirani nayo, na 5 ni hipotenusi, yaani upande unaoitazama kona ya nyuzi 90. Jibu sahihi ni nyuzi 36.87, na pembe kali ya pili ni nyuzi 53.13. Chukua kikokotoo chako sasa hivi, tafuta tan⁻¹ (SHIFT kisha tan) ya 3 gawanya kwa 4. Ukipata 36.87, mashine na vidole vyako havina kosa. Ruka hadi kwenye 53.13. Ukipata kitu kingine, tuendelee.

"Nimepata 0.6435"

Kikokotoo kiko kwenye radiani. Pembe ni ile ile, ila imepimwa kwa kipimo kingine, kama mtu anayekutajia bei kwa dola wakati una shilingi mfukoni. Nyuzi 180 ni radiani 3.1416, kwa hiyo pembe kali yoyote ikipimwa kwa radiani haiwezi kuzidi 1.5708. Ukiona jibu la sifuri nukta kitu, au moja nukta kitu, na mchoro wako hauna pembe nyembamba kama ncha ya sindano, usiguse hesabu yako. Nenda kwenye mipangilio ya mashine.

Jibu la 40.97 ni ndugu yake. Hapo mashine iko kwenye gradi, kipimo kinachoigawa pembemraba vipande 100 badala ya 90. Naiogopa gradi kuliko radiani, kwa sababu 0.6435 angalau inashtua macho, lakini 40.97 ina sura ya jibu halali na mtu huiandika akaipigia mstari bila wasiwasi.

Kipimo cha haraka ni saini (sin) ya 30. Ikitoka 0.5 uko kwenye nyuzi, ikitoka -0.988 uko kwenye radiani, ikitoka 0.454 uko kwenye gradi. Kwenye Casio fx-82MS bonyeza MODE mara mbili kisha 1. Kwenye fx-991ES bonyeza SHIFT, MODE, kisha 3. Herufi D ndogo itatokea juu ya kioo. Kama kikokotoo ni cha kuazima, fanya kipimo hiki kabla hata ya kuandika jina lako kwenye karatasi, maana aliyekitumia jana huenda alikuwa kidato cha sita na kalkulasi yake ya radiani.

Kwenye kompyuta hakuna D ya kutafuta. Excel ukiiandikia =ATAN(3/4) itakupa 0.6435 leo na kesho, na Python nayo ni vivyo hivyo. Ile herufi A ya mwanzo inasimama badala ya tao: kwenye duara lenye nusukipenyo cha 1, urefu wa tao ndio pembe yenyewe kwa radiani. Andika =DEGREES(ATAN(3/4)) yaishe. Ukipenda ATAN2, jua kwamba Excel inataka upande wa mlalo kwanza halafu wa wima, ilhali Python inataka wa wima kwanza. Nimewahi kukaa nusu saa nikitafuta kosa kwenye jedwali la mtu, kumbe alihamisha fomula kutoka mahali pamoja kwenda pengine bila kugeuza mpangilio.

"Nimepata 0.0131", au 1.3333, au 76.39

Hizi tatu ni za familia moja: hukutafuta kinyume cha tanjenti. Ukipata 0.0131, SHIFT haikushika. Umebonyeza tan peke yake, na mashine imedhani 0.75 ni pembe ya nyuzi 0.75, ikakupa uwiano wake. Ukipata 1.3333, umebonyeza kitufe cha x⁻¹ kwenye 0.75, yaani umepata 4 gawanya kwa 3. Na ukipata 76.39 umefanya yote mawili kwa pamoja, tan ya 0.75 kwanza, kisha ukaigeuza kwa x⁻¹.

Hapa mwanafunzi simlaumu sana. Alama ya sin⁻¹ ililetwa na Mwingereza John Herschel mwaka 1813, na mpaka leo inatutesa. Ile -1 iliyokaa juu inafanana kabisa na kipeo, na mtoto ameshafundishwa kwamba 5⁻¹ ni 1/5. Kibaya zaidi, sin²A kweli ni saini ya A iliyozidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo alama mbili zilizokaa mahali pale pale zina maana mbili zisizohusiana. Ukiisoma tan⁻¹ kama "moja chini ya tan" umeshapotea.

Isome kama swali lililogeuzwa. Kwenye orodha ya majina ya simu yako unagusa jina, namba inatokea. Ukituma pesa kwa simu unaingiza namba, jina la mwenyewe ndilo linalotokea. Orodha ni ile ile, ila umeiingilia kwa mlango wa nyuma. Tan huuliza: pembe hii ina uwiano gani? Tan⁻¹ huuliza: uwiano huu ni wa pembe gani? Kwa hiyo kinachoingia kwenye tan⁻¹ ni uwiano wa pande mbili, na kinachotoka ni pembe. Ukijikuta umeiingizia pembe, kwa mfano sin⁻¹ ya 30 ili utafute urefu wa upande, simama hapo hapo. Pembe ulikuwa nayo tayari; ulichohitaji ni saini ya kawaida.

"Nimepata 17.89"

Mabano. Kikokotoo kimechukua tan⁻¹ ya 3 kwanza, ambayo ni nyuzi 71.57, kisha kimegawanya kwa 4. Funga 3÷4 ndani ya mabano, au igawanye kwanza, bonyeza =, halafu tafuta tan⁻¹ ya jibu.

"Inaandika ERROR"

Saini na kosaini (cos) za pembe kali hazivuki 1, kwa sababu hipotenusi ndiyo ndefu kuliko pande zote na ndiyo iliyo chini ya mstari wa kugawia. Ukiandika sin⁻¹ ya 5 gawanya kwa 3 umeipindua, mashine inakataa, na inafaa uishukuru. Kuna sababu ya pili ambayo hutokea nje ya darasa: umepima vibaya. Ngazi ya mita 4 haiwezi kufika mita 4.2 ukutani. Mtu aliyepima hivyo akitafuta sin⁻¹ ya 4.2/4 atabadilisha betri, atazima na kuwasha, kumbe tatizo ni tepu iliyolegea.

Tanjenti haina adabu hiyo. Inakubali namba yoyote, ndogo au kubwa, kwa hiyo ukizipindua pande zake hutaonywa. Utapata 53.13.

"Nimepata 53.13"

Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote, na ndilo gumu kujigundua kwa sababu 53.13 ni pembe ya kweli ya pembetatu ile ile. Umepata jibu la swali ambalo hukuulizwa. Mkabala (upande unaotazamana na pembe) na jirani vimebadilishana.

Wimbo wa SOTOCAHAH, au SOHCAHTOA kwa walioimba huo, unaokumbusha kwamba saini ni mkabala kwa hipotenusi, kosaini ni jirani kwa hipotenusi na tanjenti ni mkabala kwa jirani, hauwezi kukuokoa hapa. Wimbo unakwambia ugawanye nini kwa nini, haukwambii upande upi ndio mkabala. Na chanzo mara nyingi ni mwalimu, mimi nikiwemo: tunachora pembetatu ubaoni ikiwa imesimama vilevile kila siku, kona ya mraba chini, pembe A kushoto, mpaka mwanafunzi anaamini kwamba mkabala maana yake "ule uliosimama" na jirani maana yake "ule uliolala". Mtihani ukiigeuza pembetatu, au ukimwuliza pembe ya juu badala ya ya chini, anaanguka.

Majina haya ni ya pembe. Karatasi haina usemi. Weka kidole juu ya pembe unayoitafuta, kisogeze kivuke ndani ya pembetatu hadi upande usioigusa pembe hiyo: huo ndio mkabala. Kati ya pande mbili zinazoigusa, moja ni hipotenusi, ile inayoitazama kona ya nyuzi 90. Iliyobaki ni jirani. Kisha, kabla ya kufunga daftari, jikague: pembe ndogo huutazama upande mfupi. Upande wa 3 ni mfupi kuliko wa 4, kwa hiyo pembe inayoutazama lazima iwe chini ya nyuzi 45. Jibu la 53.13 limeshafeli bila hesabu nyingine yoyote.

Kosa hili lina makao yake maalumu kwenye maswali ya kutazama chini. Mtu yuko juu ya mwamba wa mita 40, anaona jahazi lililo mita 120 kutoka chini ya mwamba. Pembe ya kutazama chini ni ipi? Wanafunzi wengi huiweka kati ya mwamba na mstari wa macho, wanapata nyuzi 71.57. Lakini pembe hiyo hupimwa kutoka mstari wa mlalo, pale macho yanapotazama mbele kabla ya kuinama. Jibu ni tan⁻¹ ya 40/120, nyuzi 18.43. Chora mstari wa nukta unaotoka machoni kwenda mbele sawasawa na bahari, utaiona.

"Kila nikibadilisha kitufe napata jibu jingine"

Kwenye 3, 4, 5 unaweza kutumia sin⁻¹ ya 3/5, cos⁻¹ ya 4/5 au tan⁻¹ ya 3/4; zote zitakuletea 36.87. Mtu akiniambia amepata 48.59, najua alitumia sin⁻¹ kwa 3/4, 41.41 ni cos⁻¹ ya hiyo 3/4. Amechagua kitufe kisichoendana na pande alizonazo. Hayo ni mepesi.

Lakini kuna hali ya pili. Mwanafunzi amefanya kila kitu sawa na bado majibu ni matatu. Pembetatu yake ina pande 5, 6 na 8. Anatumia saini, 38.68. Kosaini, 41.41. Tanjenti, 39.81. Hapo ugonjwa uko kwenye pembetatu yenyewe: 25 jumlisha 36 ni 61, na 8 mara 8 ni 64. Kona aliyodhani ni ya nyuzi 90 siyo. Uwiano wa saini, kosaini na tanjenti tunaoutumia hapa hauna kazi kwenye pembetatu hiyo mpaka uigawe kwa mstari wa wima, au uhamie kwenye kanuni ya kosaini. Mchoro wa mtihani usiokuwa na kile kijimraba kwenye kona haujakuahidi lolote, hata ukionekana umenyooka namna gani.

Mimi hupenda kuigeuza dalili hii iwe kipimo. Ukiwa umepima pande zote tatu za kitu halisi, tafuta pembe kwa njia mbili. Zikiachana kwa sehemu ndogo ya nyuzi, ni tepu tu. Zikiachana kwa nyuzi mbili au tatu, rudi ukapime kona.

Jibu liko karibu, lakini silo

Hapa wahalifu ni wengi, na wa kwanza ni kukadiria mapema. Pembetatu yenye mkabala 5 na jirani 12 ina pembe ya nyuzi 22.62. Ukiikata 0.4167 ikawa 0.4 kwa sababu "inatosha", unapata 21.80. Acha namba zote ndani ya mashine, kadiria mwishoni mara moja tu. Na ukishapata pembe, upande wa tatu utafute kwa Pythagoras kutoka pande ulizopewa. Usiutafute kwa pembe uliyokwisha kuikata.

Wa pili ni dakika. Nyuzi 36.87 si nyuzi 36 na dakika 87. Dakika ziko 60 kwenye uzi mmoja, kwa hiyo 0.87 mara 60 ni kama 52, na jibu ni 36°52′. Dakika zikizidi 59 kwenye jibu lako, umeshajikamata.

Wa tatu anawahusu wanaotumia majedwali. Kenya mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ameruhusiwa kuingia na kikokotoo kisichopangiwa programu pamoja na majedwali ya KNEC, baraza la mitihani la huko. Wa kidato cha nne Tanzania amezoea majedwali ya NECTA, baraza la mitihani la Tanzania. Kwenye jedwali, kutafuta kinyume ni kuingia katikati ya namba na kutoka pembeni kwenye nyuzi. Saini na tanjenti hupanda pembe ikipanda, kosaini hushuka, na hapo ndipo watu wanapoumia. Tuseme kosaini ya A ni 0.8000. Unaikuta 0.7997 kwenye 36°54′, imebaki 3, na safu ya tofauti inasema 3 ni dakika 2. Aliyezoea saini anajumlisha, anapata 36°56′. Kwenye kosaini unatoa: 36°52′. Kosa la dakika nne kwenye kosaini lina harufu hiyo.

Na kama saini yako ni 0.6000 ukatoka na 23°28′, angalia kichwa cha ukurasa. Umeingia kwenye jedwali la logi za saini, lililopakana na lile la saini zenyewe.

Kwenye saiti

Huku kikokotoo kinakuwa sahihi na pembe inakuwa mbaya. Nyumba ina upana wa mita 8, kilele cha kenchi kiko mita 2 juu ya ukuta, fundi anataka mwinuko wa paa. Aliyetumia 2/8 anapata nyuzi 14.04, na akikata mbao zake kwa pembe hiyo hazitakutana pale juu. Pembetatu mraba ni nusu ya kenchi: 2/4, nyuzi 26.57. Ukiona paa limelala kuliko ulivyotarajia, uliza kwanza kama upana uligawanywa kwa mbili.

Mwingine anapima mbao ya mteremko wa paa yote, pamoja na kipande cha nusu mita kinachoning'inia nje ya ukuta, mita 4.97 jumla, halafu anatumia sin⁻¹ ya 2/4.97. Anapata 23.73. Kile kipande cha nje hakimo kwenye pembetatu; hipotenusi inaishia ukutani, mita 4.47.

Jibu la nyuzi 0.33 au 89.67, yaani pembe iliyokufa kabisa, karibu kila mara ni mita zilizochanganywa na sentimita, kama 2 gawanya kwa 350. Zilinganishe: 2 gawanya kwa 3.5 ni nyuzi 29.74.

Asilimia nazo si nyuzi. Njia ya mteremko kwa ajili ya kiti cha magurudumu ikiwa ya 1 kwa 12 ni asilimia 8.33, na pembe yake ni tan⁻¹ ya 1/12, nyuzi 4.76. Aliyeijenga kwa nyuzi 8.33 ametengeneza mteremko wa kama 1 kwa 6.8, karibu mara mbili ya ukali uliokusudiwa, na anayesukuma kiti ndiye atakayelipa. Asilimia 100 ni nyuzi 45 tu.

Ukipima mnazi kwa macho, kumbuka macho yako hayako ardhini. Mnazi wa mita 18, umesimama mita 20 kutoka shinani, macho yako mita 1.6 kutoka chini: pembe ni tan⁻¹ ya 16.4/20, nyuzi 39.35. Ukisahau kutoa ile 1.6 utapata 41.99.

La mwisho wachache hulijua, na halitokani na kukosea hatua yoyote. Waya wa mita 20 umeukaza mnara wa antena, na umefungwa mita 19.9 kutoka chini. Sin⁻¹ ya 19.9/20 ni nyuzi 84.27. Mwenzako anapanda, anapima tena, anasema ni 19.8. Sasa pembe ni 81.89. Sentimita 10 kwenye mita 20, na pembe imehama zaidi ya nyuzi mbili. Saini karibu na nyuzi 90 imekaribia kulala, haibadiliki sana, kwa hiyo ukiigeuza, kosa dogo la kipimo linakuzwa. Shuka chini, pima kutoka shina la mnara hadi mahali waya ulipochimbiwa. Ukipata mita 2, cos⁻¹ ya 2/20 ni 84.26. Ukikosea kwa sentimita 10 zile zile ukaandika 2.1, unapata 83.97. Na hukuhitaji kupanda.